Dulsima ya Robinah

Zulaika aliinua unyoya wa kupigia kutoka kwenye nyuzi, wimbo ukawa umekwisha, lakini dulsima haikunyamaza.

Mwanzoni hakushtuka. Chombo cha mbao huchelewa kutulia, hasa ndani kukiwa na joto na nje baridi. Alingoja. Mlio uliendelea, wa chini, usiopanda wala kushuka, kama nyuki ndani ya mzinga. Akalaza kiganja juu ya nyuzi ili azinyamazishe. Nyuzi zilikuwa zimetulia kabisa, hazitikisiki hata kidogo chini ya ngozi yake. Na mlio bado ulikuwapo.

Mlango wa chumba cha binti yake ukafunguka. Kamila alichungulia, hedifoni zikining'inia shingoni.

"Mamma, vem är det som sjunger?" Alikuwa anauliza ni nani anayeimba. Ukimsemesha Kiswahili, Kamila hujibu kwa Kiswidi; ndivyo walivyo watoto wengi waliozaliwa huku.

"Haimbi mtu. Ni mimi napiga kinanda."

Kamila aliitazama mikono ya mama yake. "Lakini hupigi," alisema, bado kwa Kiswidi.

Hapo mlio ukakatika ghafla, kama mtu aliyesikia anasengenywa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri ya mwezi wa Novemba, na pale Norsborg, Uswidi, jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya maghorofa. Zulaika aliwasha taa zote za sebuleni, akaifunika dulsima kwa kitenge kilekile ilichokuja nacho, akaenda kupika.

Dulsima hiyo ni chombo chembamba chenye kiuno kama cha dondola, na unakipiga ukiwa umekilaza mapajani. Walikibuni watu wa milima ya Marekani, wajukuu wa Waskochi na Waairishi waliovuka bahari na nyimbo za kwao vichwani bila vyombo vya kuzipigia. Uzi mmoja unabanwa kwa kijiti, nao ndio unaoimba. Nyuzi mbili nyingine hazibanwi kamwe. Kazi yake ni kuvuma tu chini ya wimbo, mwanzo hadi mwisho.

Haikuwa ya Zulaika. Ilikuwa ya Robinah, rafiki yake. Robinah aliipata kwenye soko la mitumba Skärholmen, akajiunga na Waswidi fulani wanaopenda nyimbo za kale za Waselti, mababu wa hao Waskochi na Waairishi, na alipoipiga kanisani wazee walifuta machozi wasijue wanachokililia. Yeye alikuwa Mgisu wa Mbale, Zulaika Muislamu wa Masaka. Walikutana wakisafisha ofisi moja, wageni wote wawili, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Siku Zulaika alipojifungua, ni Robinah aliyemshika mkono, kwa kuwa Ashraf, mume wake, alikuwa safarini. Ni Robinah aliyemwogesha Kamila maji ya kwanza nyumbani. Waliitana dada, na ilikuwa kweli.

Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa Robinah. Mume wake Erukana, msomaji wa Neno kanisani, mtu wa hadithi na vicheko, alipoteza sauti. Madaktari walimpima koo na kichwa wasione kitu. Majira yote ya joto alikaa dirishani akivuma tu, sauti moja, kutwa. Zulaika aliwapelekea chakula, akawafulia, akamfariji rafiki yake.

Kisha majani yalipoanza kupukutika, Robinah akaja na dulsima.

"Vidole vyangu vimekufa ganzi, dada. Chombo hiki hakitaki kulazwa bure. Kipokee wewe."

Zulaika alinyoosha mkono.

"Mikono miwili," Robinah alisema. "Na useme umekipokea."

Zulaika alicheka. Akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Haya, nimekipokea." Robinah akamfundisha wimbo mmoja wa kale sana usio na jina. Alimwambia aanze na huo kila siku kabla ya nyimbo nyingine. Juma halikwisha, Erukana akazungumza. Zulaika alipopigiwa simu kuambiwa, alipiga vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta.

*

Aliyefuata ni Ashraf. Alikuwa dereva wa basi, Mnubi wa Kibera, mwenye maneno mengi kuliko abiria wake wote. Jioni moja mezani kijiko chake kiliishia hewani, akaanza kuvuma.

"Unaimba nini?" Zulaika aliuliza.

"Nani, mimi? Siimbi." Akaendelea kula.

Dakika hiyo Zulaika alisikia harufu. Harufu ya udongo wenye maji uliochomwa moto, na ndani yake maziwa yaliyochacha. Alikagua jiko, akafungua jokofu, akanusa sinki. Harufu ilikuwa inatoka sebuleni. Alipoinamia kitenge akajua: ilikuwa inatoka katika matundu ya dulsima, yale yaliyochongwa kama mioyo.

Tangu hapo maneno ya Ashraf yalianza kupungua. Kwanza aliacha mizaha, kisha majibu yakawa ndiyo na hapana. Asubuhi moja alifungua kinywa kumtolea mkewe salamu, na kilichotoka ni mvumo mtupu. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka. Mvumo uliendelea ndani ya viganja. Hospitalini waliangalia koo lake, wakasema ni zima.

Zulaika alijifungia bafuni, akafungulia maji, akampigia rafiki yake.

"Robinah, mume wangu amekuwa kama alivyokuwa mumeo."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa.

"Unanisikia, dada?"

"Nakusikia. Bado unapiga ile dulsima?"

"Nimeiacha. Naiogopa."

"Usiache!" Sauti ya Robinah ilipanda, kisha akaishusha upesi. "Usiache, dada. Ukiacha itachukua zaidi."

"Itachukua? Itachukua nini?"

"Nimesema vibaya. Kiswahili changu hiki, wajua. Mpe mumeo chai ya tangawizi." Akakata.

Kiswahili chake. Walikuwa wamezungumza lugha hiyo ujana wao wote, wakagombana kwayo na kupatana kwayo, na Robinah hakuwahi kukosa neno. Zulaika alibaki ameikodolea simu macho huku maji yakimwagika.

Hakuipiga dulsima. Badala yake aliichukua akaishusha chini, kwenye ghala la jengo, akaifungia kwa kufuli.

Siku iliyofuata alitoka kazini, kwenye jiko la shule anakopika, akapanda ngazi na mfuko wa mboga mkononi, na kabla hajafika mlangoni mwake alisikia sauti mbili. Moja nzito, ya Ashraf. Ya pili nyembamba, ya juu yake, inayolingana nayo barabara kama nyuzi mbili zilizokazwa na fundi mmoja, na ingawa moyo wake ulikwisha kuijua sauti hiyo ya pili, miguu yake ilikataa kukubali, ikaendelea kumpeleka, mkono ukatia ufunguo, mlango ukafunguka gizani ambako hakuna taa iliyowashwa, harufu ya udongo uliochomwa ikamjaa puani na kinywani mpaka akaihisi kwenye meno, na pale kwenye kochi, chini ya mwanga wa taa ya barabarani uliopenya pazia, aliwaona wamekaa wima, baba upande huu na binti upande ule, midomo wazi, machozi yakimtiririka Kamila bila uso wake kukunjamana, na katikati yao, mahali palipoachwa wazi kumtosha mtu mmoja, ilikuwa imelazwa dulsima aliyoifungia ghalani kwa mikono yake mwenyewe.

"Kamila," alinong'ona. "Kamila, mwanangu, nijibu."

Mvumo.

"Nijibu kwa Kiswidi. Nijibu kwa lugha yoyote."

Kamila aligeuza macho tu, macho ya mtu aliyezama anayetazama juu ya maji. Na kutoka ndani ya mbao, katika yale matundu ya mioyo, sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikasema taratibu, kwa upole wa mwenyeji anayemkaribisha mgeni:

"Zulaika wa Nabukenya. Nyuzi mbili zimekazwa. Kaa hapa katikati. Imba wewe."

Mfuko wa mboga ulimponyoka.

Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya hofu kitu kingine kilimchoma zaidi, nacho kilikuwa jina hilo. Katika karatasi zote za Uswidi mama yake Zulaika anaitwa Hadija. Huyo ni shangazi aliyemlea na kumleta alipoomba hifadhi, akamwapisha asilitaje jina jingine wasije wakatenganishwa. Mama aliyemzaa, aliyezikwa Masaka, alikuwa Nabukenya. Ashraf hakulijua jina hilo. Kamila hakulijua. Zulaika alilitamka mara moja tu huku ugenini, katika wodi ya wazazi, damu ikimtoka, akiamini anakufa, akataka awepo mtu mmoja duniani wa kumwombea kwa jina la kweli. Mtu huyo alikuwa ameushika mkono wake.

*

Maalim Urbain alikuwa fundi wa kushona, Mkongo wa Kasongo, na wenye shida za majini walimwendea dukani kwake; Zulaika naye akaenda. Alibatizwa Urbain, akasilimu ukubwani, akajipa jina jipya ambalo hakuna aliyelizoea. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akipinda.

"Limekuita kwa jina la mama yako?"

"Ndiyo, Maalim."

"Bon. Basi umeuzwa." Alikata uzi. "Jini halina nchi, mama. Waskochi wana jina lao la kuliita, sisi tuna letu. Lakini halijui mtu ni wa nani mpaka liambiwe. Rafiki yako alitaka sauti ya mume wake. Likamwuliza, utanipa nani? Akakupa wewe, na nyumba yako."

"Hapana," Zulaika alisema, ingawa alikwisha kujua. "Robinah hapana."

Fundi alimwacha alie. Alipotulia akasema, "Naweza kusoma mpaka koo likauke, litanisikiliza tu. Hapa pamefanyika biashara. Aliyetoa jina alirudishe kwa kinywa chake mwenyewe. Au kile alichopewa kirudi kilikotoka. Njia ni hizo."

Wakaondoka siku hiyohiyo kwenda Fittja kwa Robinah, kwa treni. Zulaika alibeba dulsima ndani ya kitenge. Ashraf na Kamila walifuata wameshikana mikono kama vipofu. Behewani watu walitazama simu zao, kama kawaida ya treni ile, mpaka mlango ulipofungwa na mvumo ukajaa behewa zima. Mama mmoja wa Kisomali alianza kusoma aya chini kwa chini. Mtoto aliyekuwa amelala kwenye kigari aliamka akapiga kelele, akiunyooshea kidole mzigo wa mapajani mwa Zulaika, si wale waliokuwa wakivuma. Walipofika Fittja walikuwa peke yao behewani.

Erukana ndiye aliyefungua mlango.

"Ehee! Karibuni, karibuni! Robinah, njoo uone wageni! Ashraf, ndugu yangu, mbona hukusema? Ingia, shemeji. Kamila, umekuwa mrefu hivi? Nilikuwa nasoma Neno la Jumapili kwa sauti, wajua tena, siku hizi nasoma hata lebo za maziwa kwa sauti—"

Alikuwa ameusikia mvumo. Uso wake ukawa wa majivu, maana aliutambua.

Robinah alitokea jikoni. Aliona kitenge, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usikiingize hicho humu."

"Kwa nini, dada?" Zulaika alisema polepole. "Si chombo chako?"

"Tafadhali."

"Nani alikupa jina la Nabukenya?"

Zulaika akaweka dulsima juu ya meza na kukifungua kitenge. Maalim Urbain alisema bismillahi, akaanza kusoma. Taa ya sebuleni ikafifia. Harufu ikaingia kama mtu anayeingia kwake. Kisha Ashraf na Kamila, baba na binti, wakasema kwa pamoja, kwa sauti moja ambayo haikuwa yao:

"Nimepewa jina. Nimepokewa kwa mikono miwili. Nimekosa wapi?"

"Hukukosa wewe," Maalim alisema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Amekosa aliyetoa. Mama Robinah, sema unalirudisha jina. Sema sasa."

"Na Erukana?" Robinah alinong'ona.

Maalim akaendelea kusoma.

"Erukana atakuwaje? Semeni!" Akamgeukia Zulaika, machozi yakimtoka. "Hukuwa unasikia wewe. Ulikuwa unaleta chakula unaondoka. Mimi nililala na ule mvumo. Niliupikia, niliuvalisha nguo. Likaniambia ukinipa nyumba nyingine nakurudishia. Nilifikiria nyumba zote, dada. Wallahi zote."

"Ukaichagua yangu."

"Sikuchagua. Lilitaka jina la mama. Nani mwingine aliwahi kunipa jina la mama yake?"

"Nilikupa nikiwa nakufa," Zulaika alisema. "Nilikupa uniombee. Ungekuja ukaniambia, Robinah. Ungeniambia tu. Ningekaa na wewe, tukatafuta dawa wote, tukalia wote. Hata ungeniomba, huenda ningekubali. Lakini ulinifundisha wimbo. Ulikaa kwenye kochi langu ukanifundisha wimbo wa kulikaribisha, huku unakunywa chai yangu."

"Lirudishe, Robinah," Maalim alisema.

Robinah alimtazama mumewe. Alimtazama Kamila, mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake. Zulaika alimwona akiamua, na kumwona mtu unayempenda akiamua dhidi yako ni kitu kisichosahaulika.

"Silirudishi," Robinah alisema.

Erukana alikuwa amesimama mlangoni muda huo wote. Alikuja taratibu mpaka mezani.

"Sauti yangu hii," alimwuliza mke wake, "ndiyo uliyoinunua?"

"Nilikuwa nakupenda. Nakupenda."

"Najua." Aliinama akamshika Kamila shavu, akayafuta machozi kwa kidole gumba. "Lakini hukuniuliza. Mimi nilidhani ni Mungu. Nimesimama kanisani mara ngapi nikimshukuru? Watu wote wakisema amina, na wewe umekaa pale mbele unasema amina."

"Erukana, nyamaza!"

"Nitanyamaza." Akaweka viganja viwili juu ya nyuzi. Robinah aliruka kumziba mdomo, lakini Maalim alimshika. "Mimi ni Erukana, mwana wa Dorothy. Nilirudishiwa kitu kwa bei ya watu. Nakirudisha. Waachie wenzangu."

Mvumo ulikatika vinywani mwa Ashraf na Kamila kwa wakati mmoja. Ukimya ulioingia ulikuwa mzito mpaka masikio yaliuma. Ashraf alikohoa, akashika kiti asianguke.

"Mamma," Kamila alisema kwa sauti iliyokwaruza, "jag fryser." Nasikia baridi. Zulaika alimvulia koti lake, akamfunika nalo, akamkumbatia kwa nguvu.

Maalim Urbain akatoa mkasi wake wa kushonea, akazikata nyuzi za dulsima. Alipotaka kukichukua chombo, Erukana alikikumbatia asikiachie. Alikuwa amekwisha kuanza kuvuma.

"Kiacheni," Maalim alisema kwa uchovu. "Sasa mwenyeji wake ni yeye."

Nyuma yao, walipokuwa wakishuka ngazi, Robinah alikuwa akilia jina la mumewe. Zulaika hakugeuka.

*

Ashraf alirudi kwenye basi lake. Kamila alianza kuzungumza kuliko zamani, akiwa bafuni, akiwa na usingizi, kama anayehakikisha. Na kila Jumamosi Zulaika alipika, akafunga chakula, akakipeleka Fittja. Ashraf alimwuliza anawezaje. Alijibu kwamba wana deni kwa Erukana, na Erukana hana kosa.

Robinah hufungua mlango, hupokea sufuria.

"Nisamehe, dada."

"Chakula ni cha Erukana," Zulaika hujibu, na huondoka.

Ila Jumamosi moja ya Februari Robinah hakulia wala hakuomba msamaha. Alikuwa amesuka nywele. Alisimama na sufuria mikononi akitabasamu kidogo, na nyuma yake, dirishani, Erukana alikuwa amekaa na dulsima mapajani. Ilikuwa imefungwa nyuzi mpya.

"Yule kijana Mrundi aliyeanza kazi jikoni kwenu," Robinah alisema. "Évode. Siku hizi anasali na sisi. Kijana mzuri, anapenda muziki. Ana mke na watoto, ama?"

"Anao."

"Mama yake anaitwa nani?"

Zulaika alimtazama Erukana. Mzee alikuwa akitikisa kichwa, akitikisa, akitikisa, mvumo ukimtoka, macho yamejaa maji.

Zulaika alilijua jina hilo vizuri. Évode alimtaja mama yake kila siku wakimenya viazi.

"Sijui," alisema.

"Haidhuru," Robinah akajibu kwa upole, akafunga mlango.

Zulaika alishuka ngazi mbiombio, akitafuta namba kwa vidole vilivyokufa ganzi, akapiga. Simu ya Évode ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Na pale alipokuwa amesimama, mkono kwenye reli ya ngazi, aliisikia kutoka juu, nyuma ya mlango, sauti ya rafiki yake aliyemjua kuliko dada wa tumbo moja, tamu kabisa, kwa Kiswahili kisichokosa neno:

"Njoo, mwanangu. Njoo hata kesho. Nina zawadi yako."